Mvumo kwenye seti ya sinthesaiza za analogi: kutafuta kasoro ya ethi na kuitengeneza

Kabla ya kununua filta ya umeme, transfoma au kebo mpya, sikiliza kwanza. Funga VCA zote (sehemu zinazoongeza na kupunguza sauti kwa volteji), usibonyeze noti yoyote, acha spika kwenye sauti ileile unayofanyia kazi, kisha tega sikio. Kelele za ethi hazifanani, na ukishajua ni aina gani umemaliza nusu ya kazi.

Mvumo mzito na laini, "mmmm", wa Hz 50, ni umeme wa gridi wenyewe. Kama una osileta iliyotyuniwa, linganisha: Hz 50 iko juu kidogo ya G1 (Hz 49) na haifiki G#. Huo mara nyingi ni kitanzi cha ethi (njia za ethi zinazofunga duara), au kebo iliyolala kando ya transfoma.

Mlio wenye makali, "zzzz", unaobeba Hz 100, 150, 200 na kuendelea, mara nyingi unasema kinyume chake: ethi haipo pale inapotakiwa. Ganda la jeki limeachia, wavu wa kebo umekatika, au kifaa kizima kinaelea bila ethi.

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi au ukifungua dirisha jipya kwenye skrini unatoka kwenye kompyuta, na njia yake ni USB. Ile "shhh" isiyo na noti haina uhusiano na ethi. Ni kelele ya saketi au geni (ukuzaji wa ishara) iliyopandishwa kupita kiasi, na haitibiwi hapa.

Kuna kipimo cha kidole pia. Gusa chuma cha nje cha jeki au paneli. Kelele ikipungua au kubadilika, kuna mahali ethi inakosekana na mwili wako umeziba pengo kwa sekunde hizo. Isipobadilika hata kidogo, shuku kitanzi. Ukihisi kidole kinatekenywa na umeme, toa mkono, usiendelee kupapasa, nenda kwanza kwenye sehemu ya soketi hapa chini.

Kama sikio linakusumbua, fungua programu yoyote ya bure inayoonyesha masafa ya sauti kwenye laptopu na urekodi sekunde kumi za kimya. Kilele kimoja kirefu kwenye 50 ni kisa kimoja. Msururu wa vilele kila baada ya Hz 50 au 100 ni kisa kingine. Hifadhi rekodi hiyo, maana baada ya kila badiliko utahitaji kitu cha kulinganisha nacho. Kumbukumbu ya sikio kuhusu kelele ni ya kudanganya sana.

Chora ramani

Kwenye studio ya kawaida, kebo chache tu ndizo zinazounganisha ethi za vifaa. Kwenye seti ya analogi, kila kebo ni ya ethi: ya sauti, ya CV (volteji inayoamuru noti au filta), ya geti (inayowasha na kuzima noti), ya klok (mapigo ya tempo), ya USB, hata ya adapta moja iliyogawiwa vifaa vitatu. Ganda la kila jeki limefungwa kwenye 0 V, yaani ethi ya ndani, ya kifaa chake. Ukichomeka waya wa pachi (kebo fupi ya kuunga jeki na jeki), umeunganisha 0 V mbili, utake usitake.

Kwa hiyo chukua karatasi. Tuseme seti ni hii: keisi ya Eurorack (sanduku la moduli za sinthesaiza) yenye pawa saplai yake, Korg MS-20 mini kwenye adapta ya volti 9, Behringer Model D kwenye adapta ya volti 12, laptopu, kadi ya sauti ya USB, na spika mbili zenye amplifaya ndani. Chora kisanduku kwa kila kifaa. Kila chenye plagi ya pini tatu kichoree mstari hadi ukutani, lakini pima kwanza kama pini ya ethi imefika kweli ndani, kwa sababu chaja nyingi zina pini ya tatu ya plastiki tupu. Halafu chora mstari kwa kila kebo inayogusa vifaa viwili. Kila mahali mistari inapofunga duara, una kitanzi.

Kwenye seti hii duara la kwanza linaonekana mara moja: ethi ya chaja ya laptopu, laptopu, USB, kadi ya sauti, kebo ya spika, ethi ya spika, ukutani, kisha kurudi kwenye chaja. Duara la pili ni la spika zenyewe, kushoto na kulia. La tatu huzaliwa pale keisi ya Eurorack yenye ethi yake inapochomekwa kwenye kadi ya sauti. MS-20 mini na Model D, zikiwa na adapta za pini mbili, hazifungi duara kupitia ukuta. Zenyewe zina ugonjwa tofauti.

Duara hilo linavuma kwa sababu mbili. Nyaya za umeme na transfoma zilizo karibu hupitisha usumaku katikati yake na kusukuma mkondo kuzunguka. Pili, filta zilizo ndani ya vifaa humwaga mkondo mdogo kwenye waya wa ethi, na mkondo huo ukiona ganda la kebo yako ya sauti linaelekea kulekule, sehemu yake hupita humo. Ganda lina ukinzani, hivyo volteji ndogo hutokea kati ya ncha zake mbili. Ingizo lisilo la balansi (lenye waya mmoja tu wa ishara na ganda) hupima tofauti kati ya ncha ya jeki na 0 V yake lenyewe, kwa hiyo volteji hiyo inajumlishwa kwenye muziki wako.

Hesabu yake inafaa kuijua. Tuseme ganda lina mV 10 za Hz 50. Ishara ya Eurorack ya volti 10 kutoka kilele hadi kilele ni kama V 3.5 rms, hivyo mvumo uko dB 51 chini yake. Kwa kifaa kinachotoa V 0.316, yaani kiwango cha −10 dBV, mvumo uleule uko dB 30 tu chini. Hapo unaona tiba ya kwanza isiyogharimu senti: pandisha sauti kwenye sinthesaiza, punguza geni kwenye miksa au kadi. Wengi hufanya kinyume, wanaacha kitufe cha sinthesaiza robo na kuifungua geni hadi mwisho, kisha wanailaumu kebo.

Soketi

Vifaa vyote vya sauti vichukue umeme kwenye soketi moja ya ukutani, kupitia ekstensheni moja nzuri yenye ethi, au mbili zilizochomekwa kwenye soketi pacha moja. Usiogope mzigo: plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, karibu wati 3,000, na seti nzima ya sinthesaiza haifikishi hata robo. Vitanzi vikubwa kabisa hutokea pale spika zinapochukua umeme ukuta huu na laptopu ukuta wa pili, nyaya mbili za ethi zikienda kukutana mbali kwenye ubao wa fyuzi.

Pima soketi kwa multimita iliyowekwa kwenye AC ya volti 600 au 750, yenye nyaya nzima. Kama hujazoea kupima umeme wa ukutani, mwite fundi umeme. Kazi hii ni ya dakika tano kwake.

Laini na nyutro: volti 220 hadi 240. Laini na ethi: karibu sawa na hiyo. Nyutro na ethi: volti chache tu. Ukipata kitu kama 90 au 130 kati ya laini na ethi, na kiasi kama hicho kati ya nyutro na ethi, waya wa ethi haujaunganishwa popote. Mita inasoma umeme unaorukia kutoka nyaya jirani. Vile vipima-soketi vyenye taa tatu vinasaidia kugundua waya uliokatika au kugeuzwa, ila haviwezi kukwambia kama ethi ina ukinzani mkubwa, wala nyutro na ethi zikibadilishana. Fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje ya nyumba ikioza kwenye kiungo chake, kipima-taa bado kitasema mambo ni mazuri.

Angalia na adapta za safari. Plagi ya Ulaya ya pini mbili nene za duara ina ethi yake pembeni, kwenye vibati viwili. Ukiisukumiza kwenye soketi ya pini tatu kwa kufungua kizibo na kalamu, au ukiipitisha kwenye adapta ya bei rahisi ya matundu ya kila aina, vibati hivyo havigusi kitu. Kifaa kinawaka, kinapiga muziki, na ethi haipo. Hali ni hiyohiyo kwa sinthesaiza kuukuu za Japani za volti 100 au za Marekani za volti 120 zinazotumia transfoma ya kushusha umeme: nyingi ya transfoma hizo zina matundu ya pini mbili upande wa kutokea, na nyingi ni za koili moja, yaani hazitenganishi kifaa na gridi hata kidogo.

Sasa kuhusu kukata pini ya ethi, au kuifunga kwa gundi ya umeme, au kuacha waya wa kijani na njano ukining'inia ndani ya plagi. Mvumo utaisha kweli, ndiyo maana ushauri huo haufi. Lakini waya ule upo ili laini ikigusa bodi ya chuma, fyuzi iungue au kivunja saketi kidondoke papo hapo. Ukiutoa, njia ya ethi inayobaki ni waya wa pachi, na baada yake ni mikono yako miwili: mmoja kwenye paneli, mwingine kwenye kadi ya sauti. Kitanzi hukatwa upande wa sauti. Upande wa umeme hauguswi.

Ondoa kimoja kimoja

Chomoa kila kebo ya sauti, CV, MIDI na USB, ukiacha spika peke yake zikiwa zimewashwa. Kama zinavuma bila kebo yoyote, tatizo liko ndani ya spika, na huna kitanzi cha kutafuta.

Ongeza kebo kutoka kadi ya sauti kwenda spika ya kushoto, kadi ikiwa haijaungwa na laptopu (kama inakubali kuwaka kwa adapta). Sikiliza. Ongeza spika ya kulia. Ongeza USB, laptopu ikiwa inatumia betri. Kisha chomeka chaja. Kila hatua irekodi au angalau andika. Kelele ikija chaja ilipochomekwa, hujaumaliza uchunguzi bado, lakini umeshajua duara gani: lile linalopita kwenye USB.

Endelea na sinthesaiza moja baada ya nyingine, kwanza sauti peke yake, halafu MIDI au USB yake, halafu CV na klok. Mpangilio huu ni muhimu kwa sababu kitanzi mara nyingi hufungwa na kebo ya pili kwenda kifaa kilekile. Sinthesaiza yenye kebo ya sauti kwenda kadi na kebo ya USB kwenda laptopu imefunga duara hata kama adapta yake ni ya pini mbili.

Kifaa kinachokubali betri ni msaada mkubwa hapa. Korg volca zinatumia betri sita za AA. Iwashe kwa betri: kelele ikitoweka, mkosaji ni adapta au njia ya umeme, ikibaki, iko kwenye kebo za ishara. Volca tatu kwenye adapta moja iliyogawanywa ni chanzo maarufu cha milio ya klok, kwa kuwa 0 V yao inakutana kwenye waya wa adapta, kwenye kebo za sauti, na tena kwenye kebo za kusawazisha tempo. Hapo adapta moja kwa kila kifaa inafaa kuliko filta yoyote. Kagua tu alama ya chanya na hasi kwenye plagi: volca inataka chanya katikati, wakati adapta nyingi za pedali za gitaa zina hasi katikati.

Kifaa kinachoelea

Adapta ya swichi yenye pini mbili ina kapasita ndogo kati ya upande wa gridi na upande wa volti 9 au 12. Iko pale kupunguza kelele za redio, na imekubaliwa kisheria. Kwa nF 2.2 kwenye volti 230 na Hz 50, mkondo unaopita ni kama mA 0.16. Kifaa kikiwa hakijaungwa na chochote chenye ethi, mita itasoma pengine volti 80 hadi 115 kati ya ganda lake na ethi, ingawa nguvu nyuma yake ni ndogo mno. Adapta nne zikiungana kupitia nyaya za pachi zinafika mA 0.6, na hapo vidole vinaanza kutekenywa.

Dawa yake ni kuhakikisha mkusanyiko mzima una ethi mahali pamoja, panapojulikana: miksa yenye plagi ya pini tatu, au keisi ya Eurorack yenye ethi ya kweli. Unga kebo zote kwanza, washa baadaye. Ukichomeka jeki kwenye kifaa kinachoelea wakati kila kitu kinawaka, chaji ile inaweza kushuka kupitia ncha ya jeki na kuingia kwenye opampu au chipu ya CMOS kabla ganda halijagusana. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Siku moja ingizo la klok linakufa na hakuna anayejua kwa nini.

Kukikata kitanzi upande wa sauti

Spika na kadi ya sauti: tumia kebo za balansi (nyaya mbili za ishara na wavu), TRS (jeki ya ncha, pete na ganda) hadi XLR (plagi ya pini tatu kama ya maikrofoni), kama pande zote mbili ni za balansi. Hilo peke yake linamaliza vitanzi vingi. Yakibaki mabaki ya mvumo, kuna vifaa ambavyo pini namba 1 ya XLR imeungwa kwenye 0 V ya bodi ya saketi badala ya bodi ya chuma, kasoro iliyoelezwa kwa kina na Neil Muncy mwaka 1995. Kwa kifaa cha namna hiyo, kebo moja ambayo wavu wake umekatwa upande wa spika huwa inatosha.

Sinthesaiza yenye tokeo la kawaida kwenda ingizo la balansi: tengeneza kebo hii. Unahitaji kebo ya maikrofoni yenye nyaya mbili na wavu, jeki moja ya TS (ncha na ganda tu), jeki moja ya TRS. Upande wa kadi ya sauti, waya wa kwanza unaunganishwa kwenye ncha, wa pili kwenye pete, wavu kwenye ganda. Upande wa sinthesaiza, waya wa kwanza unakwenda kwenye ncha, wa pili kwenye ganda, na wavu unakatwa na kufunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto wa mm 15 hivi, usiguse kitu. Kabla ya kukaza kifuniko pima: ganda la TS hadi pete ya TRS mita ilie, ganda la TS hadi ganda la TRS mita ikae kimya. Sasa ingizo linapima tofauti kati ya ncha na ganda la sinthesaiza yenyewe, na mkondo wa kitanzi hauna pa kupita.

Kebo hiyo ina sharti moja ambalo maelekezo mengi hayalitaji. Inafaa kwa sinthesaiza yenye ethi yake. Ukiitumia kwa ile ya adapta ya pini mbili, umeinyang'anya njia pekee ya ethi iliyokuwa nayo, itaelea, na badala ya "mmmm" utapata "zzzz" kubwa zaidi. Kwa hiyo, kwenye seti yetu ya mfano, keisi ya Eurorack inapewa kebo hii. MS-20 mini na Model D zinabaki na kebo za kawaida.

Ingizo likiwa si la balansi, tumia transfoma ya sauti ya 1:1. Chagua ya 10k:10k. Zile ndogo za ohm 600 hadi 600 zinashiba haraka ishara ya Eurorack inapokuja kwa nguvu zote. Besi chini ya Hz 80 inaanza kukwaruza na mtu anadhani filta imeharibika. Sanduku la DI (la kuunga ala kwenye miksa) la aina isiyohitaji umeme, lenye swichi ya kukata ethi, nalo hutenganisha kwa transfoma. Usiweke transfoma kwenye CV wala geti: volti tuli haipiti.

USB: kitenganishi chenye chipu ya aina ya ADuM4160 au ADuM3160 kinafanya kazi hadi Mbps 12, kinachotosha MIDI ya sinthesaiza yoyote. Kadi ya sauti inayotaka Mbps 480 haitaonekana kabisa, au itajishusha kwenye kasi ndogo na kupoteza chaneli. Kwa hiyo kitenganishi kikae kwenye USB ya sinthesaiza, si ya kadi. Na kama kifaa kina MIDI ya pini tano, achana na USB yake kabisa. Kiwango cha MIDI cha mwaka 1983 kiliweka kiunganishi cha mwanga kwenye kila ingizo, ishara inavuka kwa mwanga na ethi haivuki. Pini namba 2, yaani wavu, inapaswa kuungwa upande wa OUT tu. Ukipima kebo ya MIDI ikiwa imechomekwa na ukakuta ganda la kifaa kimoja linalia na la kingine, fungua ingizo uangalie: kuna watengenezaji wanaounga pini ya 2 pande zote, na MIDI nyingine za jeki ya mm 3.5 hazina kiunganishi hicho kabisa.

Ethi mbovu inapoharibu tyuni

Hapa ndipo sinthesaiza za analogi zinapotofautiana na vifaa vingine vyote vya studio. Kwenye mfumo wa volti 1 kwa oktavu, nusu toni ni mV 83.3 na senti moja ni mV 0.83. Osileta inasoma CV ikilinganisha na 0 V yake yenyewe. 0 V hiyo ikipanda mV 5 kuliko ya sikwensa (kifaa kinachopanga noti), noti inaenda kombo kwa senti 6. Tofauti isiyobadilika haina madhara, unaityuni ikaisha. Inayobadilika ndiyo inayouma: noti inayotetemeka kila taa ya LFO (osileta ya polepole) inapowaka, osileta zinazoshuka sikwensa ikiwasha taa zake zote.

Riboni ya Eurorack, yaani kebo bapa ya umeme wa moduli, ina nyaya sita za 0 V, pini ya 3 hadi ya 8, katikati ya −12 V (pini 1 na 2, upande wa mstari mwekundu) na +12 V (pini 9 na 10). Waya mmoja wa unene wa AWG 28 una ohm 0.21 kwa mita. Riboni ya sm 30 basi ina kama mΩ 11 kwa nyaya zote sita pamoja, bila kuhesabu viunganishi. Ni kidogo, hadi ukumbuke kwamba mkondo wa moduli zote unakutana kwenye kebo moja ya basi (ile inayogawa umeme kwa moduli). Kinachopita kwenye 0 V ni tofauti kati ya mkondo wa +12 na wa −12. Keisi inayotumia mA 1,200 upande wa chanya na mA 500 upande wa hasi inarudisha mA 700 kwenye 0 V. Kwenye njia ya mΩ 20, hiyo ni mV 14, karibu senti 17. Moduli za kidijitali ndizo zinazovuruga mizani hii, kwa kuwa karibu kila kitu zinakichukua kwenye +12.

Namna ya kupima: weka multimita kwenye mV za DC. Waya mweusi ugusishe ganda la jeki ya moduli ya MIDI-CV au sikwensa, mwekundu ganda la jeki ya osileta, bila waya wa pachi kati yao. Kama paneli za chuma na reli zinagusana, sehemu ya mkondo inapita humo na namba itayumba; bonyeza ncha za mita kwa nguvu kwenye chuma safi, si kwenye rangi. Sasa endesha sikwensa na tazama. mV 1 inayocheza unaweza kuivumilia. mV 4 au 5 zinazopanda na kushuka na taa zinataka kazi.

Kazi yenyewe: hamisha osileta na chanzo cha CV vikae karibu na pawa saplai, kwenye kebo ya basi ya peke yao. Moduli za kidijitali na zenye taa nyingi ziende kwenye kebo nyingine inayotoka pawa saplai moja kwa moja. Usiunge kebo ya basi kwenye mkia wa kebo nyingine. Riboni ziwe fupi. Ya sm 10 ikitosha usitumie ya 40. Chomoa na kuchomeka tena kila kiunganishi mara mbili tatu, kutu nyembamba kwenye pini ni kawaida maeneo ya pwani. Ukijenga keisi mwenyewe, nyaya zote za 0 V zikutane kwenye skrubu moja kando ya pawa saplai, na ethi ya ukutani ifungwe hapohapo.

Keisi mbili zenye pawa saplai mbili ni kisa kigumu zaidi, maana njia pekee ya 0 V kati yao ni maganda ya nyaya za pachi. Funga waya wa shaba wa mm² 2.5 kutoka 0 V ya keisi moja hadi 0 V ya nyingine. Una mΩ 7 kwa mita, chini sana kuliko ganda la waya wa pachi. 0 V peke yake: usiunge kamwe +12 au −12 za pawa saplai mbili. Kama bado tyuni inacheza, acha kuvusha CV ya noti. Peleka MIDI ya pini tano hadi keisi ya pili na uigeuze kuwa CV humohumo.

MS-20 mini ina jambo lake. Trigga yake (ishara ya kuanzisha noti) hufanya kazi kwa kuunga waya na 0 V, na osileta zake hufuata Hz kwa volti, si volti kwa oktavu. Ganda bovu kwenye kebo ya trigga linaweza kufanya noti isilie kabisa, au igande, na mtu akaanza kufungua kibodi bure.

Vinavyojifanya ethi

Mvumo unaokuja jioni tu, hasa wa Hz 100, ukipotea saa nne usiku, mara nyingi ni umeme ulioshuka. Rejuleta ya 7812 (chipu inayotoa volti 12 thabiti) inataka karibu volti 2 zaidi ya kile inachotoa; gridi ikishuka hadi 190, mabonde ya umeme uliorekebishwa yanagusa chini ya volti 14 na kupenya moja kwa moja hadi kwenye sauti. Pima +12 V kwenye mizani ya mV za AC wakati mvumo upo: mV chache ni sawa, makumi si sawa. Kwenye sinthesaiza ya miaka 30 au 40, kipimo hichohicho kikiwa kibaya hata gridi ikiwa volti 235, badilisha kapasita kubwa za pawa saplai, na ukiwa ndani angalia kapasita za karatasi kwenye filta ya umeme. Zikiwa na nyufa, zitoe kabla hazijafuka moshi.

Inveta za bei rahisi zinazotoa mawimbi ya ngazi huleta "zzzz" ambayo hakuna kebo itakayoitibu, na nyingi hazina ethi wala nyutro iliyofungwa popote. Gridi ikikatika na kazi lazima iendelee, tumia inveta ya sain safi, laptopu kwenye betri, na chaja za simu zote nje ya ekstensheni ya sauti.